Hamsini na Saba peke yangu: pikipiki ndogo itafika Kitulo?

Swali: "Mimi ni afisa ugani huku Mufindi, mwanamke wa miaka 33. Naendesha Boxer 150 kila siku ya kazi kwenda kwa wakulima. Likizo hii nataka kusafiri peke yangu: nipande barabara ya mlimani iitwayo Hamsini na Saba kutoka Chimala, nipite Kitulo, niteremkie Tukuyu mpaka Matema. Kaka zangu wanasema pikipiki hiyo haitapanda, na kwamba mwanamke peke yake milimani anajitafutia balaa. Niache?"

Jibu: Usiache, dada yangu. Njia uliyoichagua ni miongoni mwa njia nzuri kabisa nchini kwa mtu wa magurudumu mawili, na wewe unayepita kwenye udongo kila siku umejiandaa kuliko wengi wanaotoka mjini na pikipiki za bei kubwa. Ila kaka zako wamefunga mambo mawili kwa kamba moja, na ni lazima tuyafungue. La pikipiki wamekosea. La kuwa peke yako wana hoja, ingawa hatari haiko pale wanapoionyesha.

Nianze na pikipiki. Injini ya kabureta inategemea hewa, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Mtu akitoka pwani akafika kwenye uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2,600 na zaidi, injini yake inakuwa imepoteza karibu robo ya nguvu. Wewe hutoki pwani. Mafinga, mji wenu wa Mufindi, iko kwenye mita 1,900 hivi, kwa hiyo tofauti utakayoihisi juu kule ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu unayoijua leo. Pale ambapo ungetumia gia ya tatu utatumia ya pili. Fundi akikushauri ubadilishe jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kwa ajili ya siku mbili za juu, mkatalie. Safisha chujio la hewa, weka plagi mpya na beba ile ya zamani kama akiba. Badiliko pekee ninaloliunga mkono ni sproketi ya mbele (lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo) yenye jino moja pungufu: ni ya bei ndogo, inafungwa kwa muda mfupi, na kwenye mwinuko utaona injini inavuta bila kulalamika. Kwenye lami utapoteza mwendo kidogo, na hilo si la kulilia.

Halafu kuna uzito. Pikipiki yako ina kilo mia moja na ishirini na kitu. Zile kubwa za safari ndefu hupita kilo 200 kabla ya mzigo. Ukianguka peke yako kwenye kona yenye mteremko, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza utakayoifanya: nitaiinua? Ya kwako utaiinua. Na ukivunja mkono wa krachi au ukikatikiwa waya, kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Chimala hadi Matema kina mtu mwenye spea ya Boxer au anayejua jirani aliye nayo. Mwenye pikipiki kubwa atasubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam. Jambo moja tu: kama hiyo Boxer ina namba za serikali, iache nyumbani. Safiri na ya kwako, au ya kuazima yenye maandishi ya mwenyewe, kadi na bima hai, na leseni yako iwe na daraja A.

Sasa la kuwa peke yako. Wanaokutisha wanafikiria watu wabaya. Mimi nafundisha watu kuendesha njia za milimani, na ninachokihofia kwa msafiri wa peke yake ni giza. Pancha mkiwa watatu ni nusu saa ya maongezi. Pancha hiyo hiyo ukiwa peke yako saa kumi na moja jioni juu ya Kitulo, ukungu umeshuka na vidole vimekufa ganzi, inaweza kuwa usiku mzima nje. Kwa hiyo kila uamuzi wa safari yako upime kwa swali moja: nikiharibikiwa hapa, nitabakiwa na saa ngapi za mwanga, na nyumba ya karibu iko wapi? Uondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tisa alasiri uwe umeshaegesha pikipiki mahali unapolala. Saa tisa uwe umefika, na chumba kimeshapatikana. Watu wengi huona aibu kusimama jua likiwa bado juu, wakaongeza "kijiji kimoja tu", na hicho kijiji kimoja ndicho kinachowaponza.

Pamoja na hilo, mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yako kwenye karatasi: majina ya vijiji kwa mpangilio, unalala wapi kila usiku, na utampigia saa ngapi. Muhimu zaidi, ajue afanye nini usipopiga: zikipita saa mbili tangu muda mliokubaliana, ampigie mwenyeji wa mahali ulipolala, kisha wa mahali ulipotarajiwa, kisha polisi kwa 112. Mpe kazi hiyo mmoja wa kaka zako. Mtu anayekuhofia akipewa jukumu huacha kukuzuia. Mtandao huko juu unakuja na kuondoka, na mara nyingi ujumbe mfupi hupita pale ambapo simu haishiki, kwa hiyo mkubaliane kwamba ujumbe wa neno moja unatosha. Ramani ipakue kwenye simu kabla hujaondoka Mafinga.

Kuhusu msimu kuna mvutano wa kweli na sitauficha. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea: aina zaidi ya 350, zikiwamo okidi 45 hivi. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu hata kabla ya serikali kuja na mipaka yake. Maua hayo hutoka na mvua, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayogeuza barabara kuwa tope. Juni na Julai kuko kukavu, lakini alfajiri nyasi za uwandani hushika barafu, na upepo wa pikipiki kwenye baridi ile unaingia mpaka mifupani. Kwa safari ya kwanza ya peke yako nakushauri mwisho wa Septemba au Oktoba. Njia ni kavu, baridi imepungua, mashamba ya viazi na ngano yanakuonyesha mgongo wa mlima wote. Maua utayakosa kwa wingi wake, nami nasikitika kukuambia hivyo, kwa sababu uwanda ule mwezi wa pili ni kitu ambacho picha hazikitendei haki. Rudi mwaka mwingine na mwenzako mmoja kwa ajili ya hayo. Kama roho haikubali kusubiri, nenda Februari, lakini pikipiki iishie Matamba. Huko juu panda na gari la abiria au tembea kwa miguu na mwongozaji wa hifadhi.

Ondoka Jumanne, sababu ya siku hiyo utaiona mbele. Kutoka Mafinga kupitia Makambako hadi Chimala ni barabara kuu ya kwenda Zambia, na kwangu hiyo ndiyo sehemu hatari kuliko zote za safari yako, kwa sababu ya malori. Kaa kushoto, usifuate lori kwa karibu hata kama linakukinga upepo, na ukiona basi linalipita lori kutoka mbele, ingia pembeni mapema bila kubishana. Lala Chimala, jaza tangi, na jioni nenda kijiwe cha bodaboda ukaulize hali ya mlima. Barabara ile hurekebishwa na kuharibika kila msimu, hakuna maandishi yatakayokuambia ilivyo leo kuliko kijana aliyeshuka nayo mchana.

Hamsini na Saba ni idadi ya kona. Barabara inaacha tambarare ya Usangu na mashamba yake ya mpunga, ikajikunja kwenye ukuta wa mlima hadi nyanda za Matamba, karibu mita 2,000. Ipande, usiishuke. Kupanda, uzito uko kwenye gurudumu la nyuma linalosukuma, na ukikosea unasimama. Kushuka kwenye kokoto, uzito wote unahamia gurudumu la mbele, na ukikosea unaendelea kwenda. Ndiyo maana nimefurahi kuona umepanga kuanzia Chimala.

Anza kupanda asubuhi, mwanga ukishakamilika. Malori ya viazi na mbao hushuka mlima huo, na dereva mwenye mzigo huchukua kona nzima kwa sababu hana namna nyingine. Piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake, na usikilize: injini ya lori linaloshuka kwa gia ndogo inasikika mapema ukipunguza resi. Ukilisikia, tafuta upana na usimame ulipo. Chagua gia kabla ya kona, ya pili au ya kwanza, halafu usiiguse mpaka umemaliza kona. Macho yatazame mahali unapotaka kutokea, kwa maana pikipiki hufuata macho, na ukikodolea jiwe utaligonga. Resi iwe nyororo. Upande wa ndani wa kona ndiko kwenye mwinuko mkali na mawe yaliyochimbuliwa na matairi ya malori, kwa hiyo pita katikati kama huoni chombo kinachokuja.

Injini ikizimika katikati ya mwinuko, hili ndilo nataka ulifanyie mazoezi nyumbani kabla ya kwenda. Wengi hubana breki ya mbele peke yake, gurudumu la mbele halina uzito, linateleza na pikipiki inarudi nyuma nao. Iache kwenye gia na uachie krachi: injini iliyozimika yenyewe inakuwa breki ya gurudumu la nyuma. Kanyaga breki ya nyuma, weka mguu wa kushoto chini, pumua. Ukitaka kugeuza, bana krachi kidogo kidogo uiache irudi kwa hatua huku ukigeuza usukani, mpaka pikipiki ikae kwa ubavu wa mlima, nawe uwe umesimama upande wa juu. Tafuta kilima karibu na Mafinga, uzime injini kwa makusudi, urudie mpaka mwili uzoee. Jumamosi moja ya mazoezi hayo ina thamani kuliko vifaa vyote utakavyouziwa.

Upepo wa matairi usiupunguze. Ushauri huo unawafaa wenye matairi mapana yasiyo na tyubu. Kwako, jiwe kali litabana tyubu kwenye rimu itoboke mara mbili kwa mpigo.

Lala Matamba hata kama umefika saa nne asubuhi. Ofisi ya hifadhi ipo hapo: pita uulize hali ya barabara ya uwandani, na kama unataka kuingia hifadhini kwa miguu, lipa kiingilio uende na mwongozaji. Wewe ni mtu wa kilimo, kwa hiyo muulize kuhusu chikanda. Viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa huku kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana, na biashara hiyo ni moja ya sababu zilizofanya watu wapiganie hifadhi hii. Utaiona ardhi ile kwa jicho jingine ukishajua hilo.

Siku ya tatu ni siku ndefu: Matamba, uwanda wa Kitulo, shamba la mifugo la Kitulo, Kikondo, hadi Isyonje kwenye lami ya Mbeya na Tukuyu. Asubuhi vuta choki, acha injini ipate moto taratibu. Vaa koti la mvua juu ya sweta hata kama jua linawaka, maana kazi yake huko ni kuzuia upepo. Glovu ni lazima. Ukiona vidole vinachelewa kubana krachi, au unaanza kufikiri polepole na kutojali, simama, shuka, tembea kwa nguvu dakika kumi, kunywa chai ya chupa. Baridi haikuangushi kwa ghafla; inakuondolea akili ya kuamua kwanza, nawe huna mwenzako wa kukuambia umebadilika. Kwenye vumbi laini linalofunika mashimo, simama kwenye vikanyagio magoti yakiwa yamelegea, uiache pikipiki icheze chini yako. Na usimamishe mara kwa mara uangalie. Tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, hutembea kwenye nyasi zile kwa utulivu wa ajabu, na ukipita kwa haraka hutamwona.

Kuanzia Isyonje unateremka upande wa Rungwe, mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, migomba na chai kila mahali. Hata Oktoba unaweza kukuta manyunyu na ukungu, basi washa taa. Kutoka uwandani hadi Ziwa Nyasa, ambalo mwinuko wake haufiki mita 500, utashuka zaidi ya mita 2,000 kwa siku mbili, na breki za ngoma za pikipiki ndogo hazipendi hilo. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Usiachie nyutro kuokoa mafuta; naona vijana wanaifanya kila siku na ndiyo inayowamaliza. Breki ikianza kuwa laini, simama uipumzishe mpaka ngoma ipoe, na usiimwagie maji.

Lala Tukuyu, na siku inayofuata ushuke kwa Ipinda hadi Matema, mwendo wa joto na minazi na kokoa baada ya baridi ile yote. Ratiba hii inakufikisha Ijumaa, na Jumamosi kuna soko la vyungu la Lyulilo, pembezoni mwa Matema, ambako Wakisi huleta kazi yao kwa mitumbwi chini ya Milima ya Livingstone. Pumzika siku hiyo nzima.

Kuhusu kuwa mwanamke: unakaa vijijini kila wiki, unajua kuliko mimi jinsi ya kumwamkia mzee na kueleza shida yako. Tumia hilo hilo. Ukifika mahali pa kulala, jitambulishe kwa mtendaji au kwa mama mwenye mgahawa kabla ya kutafuta chumba. Watu wakishakujua kwa jina na kazi, unakuwa mgeni wao. Penda nyumba za wageni za makanisa, Matema ipo na ni nzuri. Pikipiki ilale ndani ya uzio. Njiani, kijana akikuuliza kama uko peke yako, mjibu kwamba unasubiriwa kijiji kinachofuata, uage kwa heshima uende. Usimweleze mtu asiyekuhusu unalala wapi.

Mzigo usizidi kilo 15, ufungwe chini kwa mipira ya tyubu, kitu kizito kiwe karibu na kiti. Tyubu mbili, vyuma vya kufungulia tairi, pampu, waya wa krachi, spana zako na taa ya kichwa. Kama hujawahi kutoa gurudumu la nyuma kwa mikono yako, litoe mara mbili kabla ya kuondoka. Tangi la Chimala linatosha kukufikisha lami, na vijijini mafuta ya chupa yapo. Beba fedha taslimu. Andika kwenye karatasi ya kaka yako hospitali za njiani pia: Chimala Misheni, Makandana pale Tukuyu, na ile ya Walutheri Matema; hospitali ya Ikonda iko upande wa Makete ukilazimika kugeukia huko.

Kurudi, pita lami: Tukuyu, Uyole, kisha barabara kuu. Wengi hutaka kurudi kwa Kitulo kwa sababu wameshaizoea, na hapo ndipo uchovu wa siku sita unapokutana na Hamsini na Saba ya kushuka. Lala Mbeya Jumapili, na Jumatatu uipite miteremko ya Inyala asubuhi mapema, kabla malori hayajajaa. Ukinunua chungu Lyulilo, kijaze nguo zako ndani, ukifunge kwa kanga juu ya kiti na si kwenye keria ya nyuma, maana huko kitapasuka kabla ya Kyela.